Vanila yako ya Dodoma inakusumbua? Anza na mizizi

Mbukwenyi wadau. Toka watu wasikie vanila yangu ya hapa Miyuji imezaa simu haipumziki, kila siku mtu ananitumia picha ya jani la njano na swali moja tu, nipige dawa gani? Na jibu langu la kwanza ni lilelile, acha dawa kwanza, fukua kidogo pale chini unitumie picha ya mizizi. Wengi hawalipendi hilo jibu maana dawa ipo dukani ila mizizi inataka uchafue mikono.

Shida ni kwamba wengi wetu huku tumetokea kwenye zabibu. Mi mwenyewe nimekulia kwenye zabibu za babu kule Hombolo, unakata matawi, unamwagia, unapiga dawa ya ubwiri unga, unavuna, unarudia tena mara mbili kwa mwaka. Sasa ukiiona vanila nayo inatambaa kwenye nguzo, ina marando marefu, ina vitu vinaning'inia, akili inakwambia aa hii si zabibu tu ya bei ghali. Hapo ndo tunapoziulia. Vanila ni okidi, tena okidi ya ukoo wa zamani sana, na imeumbwa kwa ajili ya msitu wa mvua ambao Dodoma haujui hata kwa kuusikia.

Nikueleze ukoo wake kidogo maana itakusaidia huko mbele. Familia ya okidi ina spishi kama 28,000 na ilianza kipindi ambacho dinosaria bado wanatembea. Ukichora mti wa ukoo wao, tawi la kwanza kabisa kujitenga ni la jenasi (yaani kundi la spishi ndugu) mbili za misitu ya huko Asia, Apostasia na Neuwiedia, ambazo maua yake ukiyaona huwezi kudhani ni okidi, chavua yake ni unga tu kama ua lingine lolote. Tawi la pili kujitenga ndo la kina vanila. Kwahiyo hii jenasi ya Vanilla, yenye spishi kama 110 kwenye misitu ya joto ya Amerika, Afrika na Asia, imebaki na mambo yake ya kizamani ambayo okidi za kisasa za kwenye vyungu hazina. Chavua yake ni laini inanata kama ugali uliolegea, wakati wenzake wameifunga kama vidonge. Mbegu zake ni vipunje vyeusi vya ganda gumu, wenzake mbegu zao ni vumbi. Na tunda lake lina nyama, la wenzake ni kikavu kinapasuka upepo unabeba. Shika hayo, tutayarudia.

Haya twende kwenye shida zenyewe, naanza na ile inayoongoza.

Majani yamesinyaa, yamekunjamana kama ngozi ya mzee

Hapa asilimia kubwa ya watu wanafungulia maji. Usifungulie. Jani kusinyaa maana yake maji hayafiki kwenye jani, haimaanishi ardhini hakuna maji, na mara nyingi ninayoenda kuangalia nakuta chini pameloa chapachapa na mizizi imeoza. Yaani mmea unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye dimbwi.

Kwanini inaoza? Kule msituni kwao, Meksiko na Amerika ya Kati, vanila haichimbi chini. Inaanza ardhini halafu inapanda mti, na mizizi yake ya chini inatembea juujuu kwenye majani yaliyooza, sentimita chache tu. Mizizi mingine inatoka kwenye kila pingili upande wa pili wa jani, minene, ya kijani iliyopauka, hiyo inashika gome la mti na inanyonya unyevu wa hewani na wa kwenye gome. Mzizi wa okidi unataka kuloa na kukauka, kuloa na kukauka, na unataka hewa. Sasa wewe umechimba shimo la futi mbili kama la mzabibu kwenye udongo wetu wa mfinyanzi, umeweka debe la samadi, umezika pingili nne, umeweka na dripu inatiririka kutwa. Itapona kwa miujiza gani?

Namna ya kujua ni ipi kati ya sababu tatu. Fukua matandazo taratibu kwa vidole, jembe liache. Mzizi mzima ni mgumu, mweupe au rangi ya krimu, ukiuvuta hauchomoki. Mzizi uliooza ni wa kahawia, ukiubana ngozi ya nje inachomoka kama soksi na ndani inabaki nyuzi. Ukikuta hivyo basi ni maji mengi au fangasi au vyote viwili, simamisha maji, ondoa udongo mzito, na nenda kule chini nilipoandika kuhusu fuzari, fangasi anayeozesha mizizi na shina.

Ukikuta mizizi mizima lakini matandazo ni makavu yanavunjika mkononi, hapo kweli ni kiu, mwagia kidogo kidogo na ongeza matandazo.

Ila ya tatu ndo ya kwetu hasa, mizizi mizima, matandazo yana unyevu, na bado jani limelegea, na ukiangalia ncha za mizizi ya angani unakuta zimekauka nyeusi, hazina ile ncha ya kijani inayong'aa. Hiyo ni hewa. Dodoma tunapata mvua kati ya milimita 500 na 700 kwa mwaka, zote zinaanguka kati ya Novemba au Desemba na Aprili, halafu inakuja miezi ya upepo na vumbi mpaka midomo inapasuka. Bukoba, ambako vanila inalimwa na watu wa kawaida kwenye migomba, wanapata kama 2,000. Maji ya mizizi unaweza kuleta kwa bomba, hewa ya Bukoba utaileta na nini?

Mi nilichofanya, na sikatai wengine wana mbinu zao, ni kuzungushia neti ya kivuli pembeni zote na sio juu tu ili upepo usipite, nikapanda migomba michache upande wa mashariki unakotokea upepo, na jioni kama saa 11 namwagia maji sakafuni na kwenye nguzo, sio kwenye majani. Jioni ina sababu yake. Vanila inapumua kama mkonge na nanasi, vile vitundu vya kwenye majani inavifunga mchana wa jua kali na kuvifungua usiku, usiku ndo inavuta hewa yake inaihifadhi kama asidi halafu mchana inaitumia ikiwa imejifungia. Ukiiwekea unyevu hewani usiku umeikuta mlango uko wazi. Ila majani yenyewe yakilala yameloa unakaribisha fangasi, ndo maana nasema sakafu.

Kama ni marando uliyopanda wiki tatu zilizopita, tulia. Rando jipya linasinyaa, linaishi kwa akiba yake mpaka liote mizizi. Muhimu uwe ulilipanda vizuri, nalo nitasema.

Njano

Njano ina mambo mengi, usiniulize "imekuwa njano" ukaishia hapo, niambie njano ya wapi.

Jani moja moja la chini kabisa, la zamani, linapauka linaanguka, hilo ni uzee. Acha.

Majani yote ya upande wa jua yamekuwa njano iliyofifia, mengine yana madoa meupe makavu kama karatasi iliyoungua, hilo ni jua. Vanila inataka kivuli cha nusu kwa nusu hivi. Kuna kaka wa Ihumwa alitandaza neti nzuri kabisa halafu Oktoba upepo ukaichana upande mmoja akasema ataishona wikiendi, wikiendi ikawa wiki tatu, mstari mzima ukababuka. Jani lililobabuka halirudi kijani, likate tu kama linaleta uozo, la sivyo liache lisaidie.

Ncha na kingo za majani zimekauka rangi ya kahawia, katikati ni kijani: hapo namshuku sana maji yetu. Ndugu zangu nendeni jikoni mkaangalie ndani ya birika. Yale magamba meupe yaliyoganda ndo unayomwagia okidi ambayo kwao inakunywa maji ya mvua yaliyochuja kwenye majani. Visima vingi vya huku maji yake yana chumvi, mzabibu unavumilia, vanila inanung'unika. Vuna maji ya mvua kwenye tanki, hata yasipotosha mwaka mzima changanya nusu kwa nusu. Na matandazo yaliyokaa mwaka mzima yakinywa maji ya chumvi uyatoe uweke mapya, maana chumvi inabaki mle. Sababu nyingine ya dalili hiyohiyo ni mbolea ya kuku mbichi, mtu amesikia ina nguvu kamwaga ndoo. Iache ioze kwanza miezi, na hata ikioza kidogo tu.

Halafu kuna njano ya michirizi na mabaka, jani limejikunja na kupinda, kama muhogo wenye batobato. Hiyo ni virusi, haina dawa, inasambazwa na vidukari na zaidi sana na sisi wenyewe kwa kukata marando kwa kisu kilekile. Ng'oa, choma, na kisu kipitishe kwenye moto au jiki kabla hujahamia mmea mwingine. Inauma kuung'oa mmea wa miaka miwili ulioununua kwa bei ile, najua, mi nilimwacha mmoja kwa huruma na msimu uliofuata nikang'oa watano.

Shina linalainika, linageuka kahawia, linanywea

Huu ndo ugonjwa ambao hata mashamba makubwa ya Madagaska unayatoa jasho. Ni fangasi wa jamii ya fuzari, ndugu wa yule wa mnyauko wa migomba ila huyu ni wa vanila peke yake. Anaingilia kwenye mizizi, mizizi inakufa, mmea kwa kujitetea unaanza kuachia mizizi mingi ya angani kuitafuta ardhi, mtu anafurahi anasema inastawi, kumbe inakata roho. Baadaye shina la chini linakuwa jembamba lenye mifereji, rangi ya kahawia inapanda.

Dawa ya kumponya hakuna. Unachofanya ni kuokoa: kata juu kabisa mbali na sehemu iliyoathirika, uangalie ule mkato, ukiona katikati ni kijani safi bila doa la kahawia basi una rando la kuanzia upya. Lililobaki choma, usilitupe kwenye lundo la mboji. Pale ulipong'oa usipande tena vanila hivi karibuni.

Na hapa watu wa zabibu ndo wanaponichosha, akiona fangasi anaenda kuchukua ile dawa ya zabibu anaikoroga anaimwaga chini kwenye mizizi. Okidi ndugu yangu inaishi na fangasi! Kuna fangasi wema ndani ya mizizi yake wanaoilisha, ni ndoa ya tangu enzi na enzi, na dawa ya kumwagia chini haichagui nani mwema nani mbaya. Kinga yake ni udongo unaopitisha maji, tuta lililonyanyuka, matandazo yaliyooza nusu, mimea isibanane, na usikate mizizi kwa palizi. Palizi ya vanila ni ya mkono.

Upandaji sasa, maana nusu ya uozo unaanzia siku hiyo. Chukua rando la kama mita moja, refu lina nguvu na linawahi kuzaa, toa majani ya pingili tatu za chini, liache kivulini wiki nzima kidonda kikauke. Utomvu usikuguse ngozi, una vijifuwele vinawasha vibaya sana, mi nilikata nikiwa nimevaa kaptula nikajikuna mapaja siku mbili. Wakati wa kupanda zile pingili zilaze juujuu tu kwenye matandazo na uzifunike kidogo, na ncha iliyokatwa iache imechungulia nje hewani. Watu wanaizika. Ukiizika umeifungulia fangasi mlango. Halafu funga rando kwenye mti wake kwa kitambaa laini, sio waya.

Inakua tu, mwaka wa nne, hakuna hata ua

Kwanza hesabu vizuri. Rando fupi la sentimita 30 linaweza kuchukua miaka mitatu, minne. Kama ndo una mwaka na nusu mbona unalia mapema, na kama kuna mtu alikuuzia na kukuahidi mavuno ya miezi kumi na mbili, hilo tatizo liko kwenye mkataba uliosaini, shambani hakuna kosa.

Kama umri umetimia, angalia umbo. Vanila ikiachiwa inapanda tu juu kutafuta mwanga, msituni inafika mita 15 na kuendelea, na inapopanda haina haraka ya kuzaa. Lazima uikunje. Ikifika usawa wa kichwa chako iangushe kwenye panda irudi chini, maua yanapenda kutokea pale kwenye mkunjo na baada yake. Ikigusa chini ipandishe tena. Na miezi kadhaa kabla ya msimu kata ile ncha inayokua, kama kiganja hivi, ili nguvu irudi kwenye macho ya pembeni.

Sababu ya pili ni kivuli kizito. Kuna mama mmoja Nzuguni alikuwa na neti mbili juu na miti chini yake, ndani giza kama sinema, marando membamba marefu, majani yamepishana mbalimbali. Alipotoa neti moja (taratibu, alianza wakati wa mawingu, angetoa Oktoba zingeungua) mwaka uliofuata akapata vichala.

Ya tatu hii ndo wanaikosa wengi wenye pesa. Vanila inahitaji kushtuliwa. Kwao kuna kipindi cha ukavu na ubaridi kidogo kabla ya maua, kama miezi miwili hivi, mmea unaona mambo magumu ndo unafikiria uzazi. Na sisi hapa Mungu katupa bure, Juni na Julai ni kavu na usiku kuna baridi ya kuvaa sweta. Ila mwenye dripu yake anamwagia Januari mpaka Desemba bila kuchoka, mmea uko kwenye starehe hauna sababu ya kuzaa. Mi Juni napunguza maji mpaka majani yanaanza kupoteza ule unene wake kidogo, sio kusinyaa kabisa, naangalia kila siku, unyevu wa hewani naendelea nao ila chini nabana. Mwishoni mwa Julai narudisha. Vichala vilianza kuchungulia Agosti.

Na usitegemee kifundo kilichozaa mwaka jana kizae tena, kila kifundo kinatoa maua mara moja basi. Ndo maana unahitaji rando jipya kila mwaka, na lile lililokwisha kuzaa unalikata baada ya kuvuna. Hapo tu ndo inafanana na zabibu.

Ua limetoka, limeanguka

Aisee hapa kaa vizuri.

Ua la vanila linafunguka alfajiri na mchana linafunga, siku moja tu basi, na kwenye jua letu saa 6 mchana utalikuta limelegea tayari. Ndani ya ua kuna nguzo moja, chavua ipo juu, sehemu ya kupokea ipo chini yake tu, na katikati kuna kijiulimi kimeziba. Yaani mume na mke wamelala kitanda kimoja na pazia katikati. Kule kwao kuna nyuki wanaofanya hiyo kazi, na hata huko ni maua machache sana yanayoshika. Huku hao nyuki hatuna. Nyuki wetu, pamoja na kwamba Kondoa na Manyoni wanatoa asali mpaka basi, hawalijui hili ua.

Ndo maana watu walisafirisha vanila dunia nzima na kwa miaka mingi inakua tu haizai. Mwaka 1836 Charles Morren kule Ubelgiji akafanikiwa kuichavusha kwa mkono kwenye nyumba ya vioo, ila njia iliyoshika dunia ni ya mtoto mtumwa wa kisiwa cha Réunion, Edmond, baadaye akapewa jina la Albius. Ilikuwa 1841, ana miaka 12, akagundua ukiwa na kijiti na kidole gumba inatosha. Mpaka leo Madagaska, Uganda, Bukoba na mimi hapa Miyuji tunafanya alichofanya yule dogo.

Unashika ua kwa nyuma na mkono mmoja, unachana ule mdomo wa ua upande ili uione nguzo, unaingiza njiti unakiinua kile kijiulimi kinaangalia juu, halafu kwa kidole gumba unaisukuma chavua ishuke iguse chini, unabana kidogo, unaachia. Ile chavua inanata niliyosema mwanzo ndo inakusaidia hapa, ingekuwa unga mkavu kama wa Apostasia ingepeperuka, ingekuwa kidonge kigumu kama cha okidi za vyunguni usingeibandika kwa gumba. Njiti ya kuchokolea meno inatosha. Nilijaribu mwiba wa mgunga nikijifanya mbunifu, unatoboa.

Sasa uchunguzi. Ua lililoanguka kesho yake au keshokutwa halikushika. Ua lililoshika linanyauka lakini linabaki limeng'ang'ania kwenye ncha ya kile kikonyo cha kijani, na hicho kikonyo ndo ganda lenyewe, yaani tunda la vanila, linaanza kurefuka na kuinama. Kama yote yanaanguka jiulize ulienda saa ngapi. Kuanzia saa 12 na nusu mpaka saa 4 ndo muda wangu, saa 5 naacha. Kama uliwahi na bado, basi kuna mawili, kijiulimi hakikuinuka umekandamiza chavua juu yake, au ulitumia nguvu ukachubua sehemu ya kupokea. Mkono unajifunza. Siku yangu ya kwanza nilifanya maua tisa nikapata mawili, wiki ya tatu nikawa sikosi sana.

Na huwezi kusafiri. Kichala kina maua kama 15 mpaka 20, yanafunguka moja moja kwa siku, msimu wote kama miezi miwili. Ukienda msibani Kongwa siku tatu umepoteza maua ya siku tatu, ndo hivo.

Maganda membamba, mengine yanadondoka machanga

Tamaa. Ulichavusha yote. Kila kichala bakiza nane mpaka kumi, uchague yale ya upande wa chini ya kichala yaninginie vizuri yasipinde, ukishapata idadi kata ncha ya kichala iliyobaki. Mmea mdogo au uliotoka kuumwa mpe vichala vichache zaidi. Mwaka wangu wa kwanza nilibebesha mmea mmoja maganda kama mia nikijiona bingwa, yakawa kama njiti za fagio na mmea wenyewe ukakaa mwaka mzima bila kuzaa tena.

Ganda linarefuka haraka, wiki sita nane za mwanzo linafikia urefu wake, halafu linakaa tu hapo mpaka miezi minane au tisa. Watu wanachoka wanavuna likiwa na miezi mitano tu kwa sababu limeshakuwa kubwa. Usifanye hivyo.

Rando nililouziwa halioti majani

Hili limenitokea kuulizwa mara mbili mwaka huu kwahiyo naandika. Mtu kaletewa marando kutoka ukanda wa pwani, mashina manene ya kijani, laini, hayana majani kabisa, ukiyaangalia haraka utasema minyaa. Anasubiri majani mwezi wa kwanza, wa pili, wa sita. Ndugu, hayaji. Hiyo ni vanila kweli lakini ni Vanilla roscheri, ya kwetu wenyewe, inaota porini pwani ya Afrika Mashariki, imeyaacha majani yake, shina ndo linafanya kazi ya jani. Maua yake ni makubwa meupe yana harufu nzuri ajabu, mi nikiipata kihalali naipanda kwa kupendezesha. Ila ganda lake halitakupa ile vanila ya kuuza, spishi zenye harufu hiyo kwenye tunda zinatoka kundi la Amerika, na inayolimwa ni Vanilla planifolia, yenye majani manene marefu yanayong'aa. Na okidi zote za porini zipo kwenye mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, kwahiyo aliyeng'oa na kukuuzia amekuingiza kwenye mambo.

Nimepanda mbegu hazioti

Kama ulizitoa kwenye ganda la dukani lile jeusi, zimeshachemshwa, sahau. Hata mbichi ni ngumu, ganda la mbegu yenyewe ni gumu na mbegu ya okidi haina akiba ya chakula, inataka fangasi wake wa kuilisha ndo iamke. Tumia marando.

Nimevuna, halinukii chochote

Na halitakiwi kunukia. Ganda bichi harufu yake imefungwa kwenye sukari, mpaka uliue ndo inafunguliwa. Vuna moja moja ncha ya chini inapoanza kuwa njano, ukichelewa linapasuka kwa chini, ukiwahi harufu inakuwa ya nyasi. Halafu lizamishe kwenye maji ya moto nyuzi 63 mpaka 65 kwa dakika mbili tatu, tumia kipimajoto acha kukisia kwa kidole, likunje kwenye blanketi zito likiwa bado la moto litoe jasho mpaka liwe kahawia ya chokoleti, kisha jua la saa chache kila siku na kurudi kwenye blanketi, kwa wiki kadhaa, mwisho linakaa kwenye sanduku miezi. Kilo tano sita za mbichi zinakupa moja kavu.

Shida ya Dodoma hapa ni kinyume cha Bukoba. Wao wanapigana na ukungu, sisi jua letu linakausha ganda siku nne linakuwa kama kuni kabla harufu haijamaliza kutengenezeka. Mi naanika saa mbili tu asubuhi, juu ya blanketi jeusi, na kulifunika. Likivunjika ukilikunja umelikausha mno, linatakiwa lijizungushe kwenye kidole kama kamba ya ngozi.

Kila nikitandaza matandazo, asubuhi yametawanyika na mizizi iko nje

Hao ni kuku. Matandazo mazuri yana wadudu na kuku anajua kabla yako. Kwa kukwangua kwao mara moja wanakata mizizi ya juujuu yote, na wiki mbili baadaye unarudi kwangu na picha ya majani yaliyosinyaa. Zungushia wavu. Wa kwangu ni futi nne, kuku wote wameheshimu isipokuwa jogoo wa jirani, ambaye naye tunaendelea kuzungumza na mwenye nyumba wake.